Shati Lisiloruhusiwa Kukauka

Kila asubuhi, kabla ya chai, kabla hata ya ua kufagiwa, mashati manne madogo yalilowekwa ndani ya ndoo nyumbani kwa kina Hadia. Yalikuwa mashati ya pamba, mepesi, yaliyochakaa kwa kukamuliwa kila siku. Katika kijiji kizima cha Chundwa, kisiwani Pate, watu walianika nguo ili zikauke. Nyumba hii peke yake ilipigana na jua ili nguo isikauke.

Mashati hayo yalikuwa ya Faiz, mdogo wake Hadia, mwenye umri wa miaka minne. Faiz alizaliwa bila tezi za jasho. Wewe ukicheza mpira juani jasho hukutoka na kuupoza mwili wako, nawe wala hulifikirii. Mwili wa Faiz haukuweza kufanya hivyo. Joto lilipomwingia, lilikaa humo humo. Nywele zake zilikuwa chache na laini, ngozi yake ilikuwa kavu, na katika ufizi wa juu alikuwa na meno mawili tu, yaliyochongoka. Watoto wakorofi walimwita Kizee. Faiz hakujali. Aliwatolea hayo meno yake mawili na kunguruma mpaka wakakimbia.

Miaka mitatu ya kwanza, kila mtoto alipochemka, wazazi walidhani ni malaria. Alimezeshwa dawa za kila aina. Kisha daktari bingwa akaja Lamu kwa kliniki ya siku mbili, akatazama meno, akatazama nywele, akapapasa ngozi, akaelewa. Alieleza kwamba tatizo lilitoka katika chembe za urithi, zile zinazompa mtoto pua ya baba yake au kimo cha mjomba wake. Ni tatizo nadra sana. Haliambukizi, halikuletwa na jini wala kijicho cha jirani, na halina dawa ya kuliondoa. Hata hivyo, mtoto angeweza kukua, kusoma na kuzeeka, mradi mwili wake usiachwe upate joto kupita kiasi.

"Yeye hana jasho," daktari alimwambia Mama. "Kwa hiyo nyinyi ndio mtakaokuwa jasho lake."

Ndipo yakaja mashati. Faiz alivishwa shati lililoloweshwa maji, na kila baada ya nusu saa alibadilishiwa. Maji yalitoka jabiani, kwenye hodhi kubwa la saruji linalokusanya maji ya mvua, kwa sababu maji ya chumvi ya kisimani yalimwasha. Faiz mwenyewe aliliita shati lake "bahari". Likianza kukauka alikuja kumvuta mtu nguo na kusema, "Bahari yangu yakauka." Hapo kila mtu aliacha alilokuwa akilifanya.

Hadia alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa amechoka. Tuseme kweli, maana hadithi hii ni ya ukweli. Alimpenda mdogo wake sana, lakini alichoka kuacha mchezo katikati. Alichoka kuhesabu nusu saa. Idi iliyopita wenzake wote walipakwa hina, naye akashinda nyumbani akimpepea Faiz aliyekuwa amechemka. Hakumwambia mtu kwamba alilia siku ile. Alijifuta macho akaendelea kupepea.

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, wakati wa joto kali, Mama aliamka mapema kwenda Lamu. Alikuwa anakwenda kuchukua barua ya daktari. Faiz angeanza chekechea muhula uliofuata, na mwalimu alitaka maelezo ya maandishi kuhusu mtoto atakayeingia darasani na shati linalodondoka maji. Baba yao, Bwana Madi, alikuwa mwashi kule Mokowe, ng'ambo ya bara, na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Nyanya yao, Bi Mwanashee, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda shambani kuangusha nazi.

"Nyanya yako atarudi adhuhuri," Mama alisema akijifunga buibui. "Hadi atakaporudi, Faiz ni wako. Nusu saa, Hadia. Isizidi."

"Na hina je, Mama? Arusi ni kesho."

"Nikirudi jioni nitakupeleka upakwe. Sasa hivi macho yako yawe kwa mdogo wako. Umenisikia?"

"Labeka, Mama. Nimesikia."

Mama alimbusu Faiz kichwani, akatoka mbio kuiwahi boti.

Saa tatu Hadia alimbadilishia Faiz shati. Saa tatu na nusu akambadilishia tena. Kabla ya saa nne mlango ulisukumwa, akaingia Zamzam, rafiki yake, huku anahema. Dada yake Zamzam ndiye aliyekuwa bi harusi.

"Wafanya nini humu ndani? Fundi wa hina amefika kutoka Siyu! Wasichana wote wako kwetu."

"Mama amesema nipakwe jioni."

"Jioni na nani? Fundi anaondoka adhuhuri. Jioni utapakwa na kuku?"

Hadia aliitazama saa ya ukutani, akamtazama Faiz, akaitazama ndoo. Nyumba ya arusi ilikuwa ya tatu kutoka kwao. Alifikiri kwamba kama angelilowesha shati vizuri zaidi, lisingekauka upesi, naye angekuwa amerudi. Basi akalichovya shati, hakulikamua sana, akamvisha Faiz na kumshika mkono.

"Twenda wapi?" Faiz aliuliza.

"Kutazama arusi. Mara moja tu."

Neno "mara moja" lina miguu mirefu. Foleni ya hina ilikuwa ya wasichana saba. Chumba kilijaa shangazi, majirani, vicheko na harufu ya udi. Zamu ya Hadia ilipofika, nusu saa ilikuwa imepita. Aligusa bega la Faiz. Shati lilikuwa bado na unyevu kwenye kola. "Bado kidogo," alijiambia, akaketi, akanyoosha viganja.

Fundi alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mkono mwepesi. Alichora ua katika kila kiganja na kuzijaza ncha za vidole. Hadia hakuwahi kuona mikono yake ikiwa mizuri vile.

"Sasa sikiliza," fundi alimwonya. "Usiguse maji kwa saa mbili. Ukigusa, hina yako itatoka rangi ya chai ya mgonjwa, halafu useme mimi sijui kazi."

Wanawake wakacheka. Hadia akacheka pia. Kisha akahisi gauni lake likivutwa.

"Da Hadia, bahari yangu yakauka."

Hadia aliitazama mikono yake, hina mbichi ikimeremeta. "Ngoja kidogo, Faiz."

Ndani ya chumba kile mlikuwa na wanawake wasiopungua kumi. Yeyote kati yao angelichovya shati lile kwa muda wa kufumba na kufumbua. Lakini Hadia angelazimika kuomba, na kama angeomba, wangejua kwamba alimleta mtoto arusini bila ruhusa, na jioni Mama angesikia. Badala yake alimwambia Faiz akakae kibarazani penye kivuli.

Baada ya muda Faiz alirudi. Mashavu yake yalikuwa mekundu. "Da Hadia, bahari hakuna."

"Nimekwambia ngoja! Inakauka hii, karibu twende."

Faiz alitoka tena. Uani watoto walikuwa wakimfukuza mbuzi wa arusi aliyekata kamba, na kelele zao zilijaa mtaa. Hadia aliipepea mikono yake, akaipulizia, akahesabu dakika baada ya dakika. Mara ya tatu, Faiz hakuja kumvuta gauni.

Alipotoka kumtafuta alimkuta ameegemea ukuta, juani, kinywa wazi, anahema kama aliyekimbizwa. Shati lilikuwa kavu kama karatasi. Hadia alimgusa shingoni kwa upande wa ndani wa kiwiko, hina isifutike. Alikuwa wa moto kweli kweli.

"Faiz? Amka twende nyumbani."

"Kichwa chaniuma," Faiz alisema kwa sauti ndogo.

Hadia alimwongoza nyumbani kwa viwiko, nusu akimsukuma, nusu akimbeba. Akamlaza mkekani. Na hapo ndipo alipofanya jambo baya kuliko yote. Alichukua mwiko jikoni, akautumbukiza ndani ya ndoo, akaopoa shati lililolowa bila kuichovya mikono yake, akamfunika nalo Faiz kifuani. Alijiambia kwamba sasa ni sawa, shati la maji analo. Hina haikupata hata tone.

Mlango ulifunguliwa. Nyanya aliingia na kapu la nazi kichwani, akalitua, akamtazama Faiz mara moja tu.

"Mbona mwana huyu ana mato mekundu?" Alipiga magoti, akamwangalia machoni, akamgusa paji la uso, akaushika mkono wake. "Subhanallah! Anawaka! Hadia, mmekuwa wapi?"

"Hapa hapa, Nyanya." Hadia aliificha mikono nyuma.

"Mashati umembadilisha?"

"Ndiyo."

"Kila nusu saa?"

"Ndiyo, Nyanya. Halikukauka hata mara moja."

Nyanya alilipapasa shati kifuani mwa Faiz. Kweli, lilikuwa limelowa chepechepe. Akatikisa kichwa polepole.

Bi Mwanashee hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa amewauguza watoto wa Chundwa kwa miaka arobaini, na wengi wao sasa walikuwa na watoto wao. Habari ya kwamba mtu anaweza kuzaliwa bila jasho hakuwahi kuikubali kwa moyo mmoja. Alipenda kusema kwamba jasho la Faiz limefungwa tu, na kilichofungwa hufunguliwa. Hata hivyo aliheshimu mashati. Siku nyingine zote, mtoto akichemka, naye aliuliza kwanza habari ya shati. Leo ameuliza, na amejibiwa.

"Basi hili si joto la yua," alisema. "Kama shati halikukauka, hii ni homa. Mwana wa jirani alilazwa kwa malaria juzi tu. Maji juu ya homa yatampa kichomi." Alilivua lile shati, akamkausha Faiz kwa kanga, akafungua sanduku na kutoa blanketi zito. "Tutamfukiza. Homa hutoka na jasho."

"Nyanya, daktari alisema hatoki jasho," Hadia alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo mno.

"Daktari alisema kuhusu joto. Homa ni kitu kingine. Niwashie moto."

"Labda tumpeleke zahanati."

"Tutampeleka akishatoa jasho. Mtu hapitishwi upeponi na homa yake. Hadia! Wanisikia? Mbona umesimama kama nguzo?"

Hadia hakuweza kuwasha moto, kwa kuwa mikono ilikuwa nyuma. Nyanya, kwa haraka yake, hakungoja. Aliwasha mwenyewe, akabandika sufuria, akaijaza majani ya mwarobaini. Faiz alikuwa chini ya blanketi, kichwa tu nje. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alihema haraka haraka, na kila pumzi ilitoka na mlio mdogo.

Maji yalianza kuimba kwenye sufuria. Hadia alijua kila kitu. Alijua kwamba homa hii haikuwa homa. Alijua kwamba mvuke chini ya blanketi kwa mtoto asiye na jasho ni sawa na kumweka ndani ya sufuria na kifuniko juu. Na alijua kwamba Nyanya hakuwa na kosa, kwa sababu Nyanya aliuliza na yeye akamjibu. Uongo wake ulikuwa mdogo, maneno machache tu, lakini sasa ulikuwa umekaa juu ya kifua cha Faiz pamoja na lile blanketi.

Alitaka kusema. Lakini akilini alimwona Mama akirudi jioni na barua mkononi. Alizisikia sauti za shangazi. 

Nyanya alileta sufuria inayofuka, akaiweka kando ya mkeka. "Bismillahi," alisema, akainua ncha ya blanketi ili aiingize sufuria ile ya mvuke chini yake.

"Bahari," Faiz alinong'ona.

"Asemaje?" Nyanya aliuliza.

Hadia alimwinamia. "Faiz?" Faiz hakujibu. "Faiz!" Macho yake yalikuwa wazi nusu, yanatazama dari, na mkono wake mmoja ulianza kutetemeka.

"Nimesema uongo!" Hadia alipiga ukelele. "Nyanya, usimfunike! Shati lilikauka! Lilikauka kitambo, alikuwa juani, aliniambia mara mbili nikakataa kwa sababu ya hina!" Aliitoa mikono yake nyuma, akaikunjua mbele ya uso wa Nyanya. "Hili shati nimemwekea sasa hivi, kwa mwiko! Si homa. Ni joto! Ni mimi!"

Nyanya aliduwaa. Aliitazama ile mikono yenye maua mabichi, akamtazama mtoto. Hadia hakumngoja. Alilivuta blanketi akalitupa, akatumbukiza mikono yote miwili ndani ya ndoo mpaka kwenye viwiko, akachota maji na kummwagia Faiz kifuani, kichwani, miguuni.

"La haula!" Nyanya alisema, na sasa alikuwa ameamka. Aliipiga teke sufuria ikaviringika hadi uani, akambeba Faiz kama mzigo wa kuni, akatoka naye hadi penye kivuli kando ya jabia. "Chota! Usisimame, chota!" Kisha akapaza sauti juu ya ukuta, kumwita jirani mwenye pikipiki. "Kamaludin! We Kamaludin! Mlete Dokta Quinter, mwambie mtoto wa Madi anapotea!"

Pikipiki ilinguruma na kuondoka. Hadia alichota, akamwaga, akachota. Nyanya alilowesha kanga, akamfunika Faiz nayo, akashika upepeo na kumpepea kwa nguvu, huku anasoma dua kwa sauti isiyotulia. Hina ilichuruzika kutoka mikononi mwa Hadia, ikayapaka maji rangi ya kutu. Hakuiona.

Muuguzi Quinter, ambaye kijiji kizima kilimwita Dokta, alifika na mkoba wake begani. Alikuwa ametoka bara, kutoka upande wa Kisumu, na alikuwa na mwaka wa pili pale zahanati. Alipiga magoti kwenye maji bila kujali sare yake. Kipimajoto kilisema arobaini na nukta nane.

"Hiyo ni juu sana," alisema. "Endeleeni kumwaga, msiache. Nani alikuwa naye?"

"Mimi," Hadia alijibu.

"Nitazame. Sitaki maneno ya kunifurahisha, nataka saa. Shati lilikauka saa ngapi?"

"Saa nne na nusu lilikuwa karibu kukauka. Saa tano halikuwa na maji hata kidogo. Alikaa juani mpaka karibu saa sita."

"Alitapika? Alianguka?"

"Hapana. Alisema kichwa chamuuma. Halafu mkono ukatetemeka."

"Amefunikwa?"

Hadia alimtazama Nyanya. Nyanya ndiye aliyejibu. "Nimemfunika mimi, Dokta. Dakika kumi hivi. Nilikuwa nataka kumfukiza."

Quinter alimchoma Faiz kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo cha malaria, akakiacha juu ya jiwe. "Tukae hapa," alisema. "Joto lisiposhuka upesi, tunatafuta boti ya kumpeleka hospitali."

Wakakaa. Watu wazima wanaposema wakati haupiti, ndivyo ulivyokuwa wakati ule. Kipimajoto kilisema arobaini na nukta mbili. Maji yakamwagwa. Kikasema thelathini na tisa na nukta sita. Mkono wa Faiz uliacha kutetemeka, lakini macho yalikuwa yamefumba. Zamzam na mama yake walikuwa wamefika, na nyuma yao fundi wa hina, na wanawake wote wakapanga mstari toka jabiani, wakipokezana ndoo. Hakuna aliyecheka. Kile kipimo juu ya jiwe kilionyesha mstari mmoja tu, maana yake hakuna malaria.

"Thelathini na nane na nukta tano," Quinter alisoma hatimaye.

Faiz alifumbua macho. Aliyatazama maji yaliyotuama kwenye saruji kandokando yake, akayatazama kwa muda mrefu, akakunja uso.

"Nani ametia rangi bahari yangu?" aliuliza.

Nyanya aliketi kitako ghafla, akajifunika uso kwa mtandio. Hadia alilia kwa sauti, mbele ya watu wote, na hakuona haya.

Quinter alimnywesha Faiz maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo. Alipokuwa akifunga mkoba, alimwita Hadia kando. "Ungechelewa dakika chache zaidi ningekuta jambo jingine," alisema. "Usisahau hilo. Lakini pia kumbuka hili: nilipokuuliza saa, ulinipa saa. Bila hizo ningepoteza muda kutafuta ugonjwa mwingine. Mimi ninatibu kwa kile ninachoambiwa."

Jioni, Mama alipopiga hodi, Hadia alikuwa amesimama mlangoni. Hakutaka mtu mwingine amtangulie. Alisimulia yote, tangu Zamzam kuingia mpaka ule mwiko, bila kuruka kitu. Mama alisikiliza akiwa bado na buibui, barua mkononi. Alimwendea Faiz, akampapasa mwili mzima, akamkumbatia. 

"Nilikuachia roho ya mtu," Mama alisema bila kumgeukia Hadia, "nawe ukaipima na hina."

"Nisamehe, Mama."

"Mama Hadia," Nyanya aliingilia, "kama ni kugawa lawama, nami nipe fungu langu. Daktari alisema, nami sikutaka kusikia. Nilitaka kulifungua jasho ambalo Mungu hakulitia." Aliguna. "Tangu leo blanketi lile halitoki sandukuni kwa ajili ya mwana huyu."

Mama alivuta pumzi. Akamwita Hadia aketi karibu yake. "Kwa nini hukumwomba shangazi mmoja akuchovyee shati?"

"Niliogopa ungejua."

"Na kwa nini hukuniambia asubuhi kwamba umechoka? Maana umechoka, naona. Tangu Idi naona."

Machozi ya Hadia yalidondoka juu ya viganja vyake vilivyopauka.

"Sikiliza, mwanangu. Kuchoka si dhambi. Mimi pia huchoka, baba yako huchoka. Kutamani hina si dhambi. Kosa lako ni kwamba ulificha. Ulificha uchovu, ukaficha kosa, na karibu ufiche mpaka kwenye kaburi la mdogo wako. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukweli unaosemwa mapema huleta aibu ya siku moja. Kuanzia kesho hulibebi shati hili peke yako, lakini nawe hutanificha tena. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana, Mama."

Siku ya pili, nyumba ya arusi ilikuwa na kitu kipya. Karibu na mlango wa uani, penye kivuli, paliwekwa beseni la maji ya jabia, na mama yake Zamzam alimtangazia kila aliyeingia kwamba yule mtoto wa shati akipita, aguswe, na kama amekauka, achovywe. Faiz alichovywa na shangazi, akachovywa na majirani, akachovywa hata na wageni wasiomjua. Aliona wote wamekuja kwa ajili yake, akazunguka akionyesha meno yake mawili.

Fundi wa hina alikuwa amerudi kumalizia miguu ya bi harusi. Alipoiona mikono ya Hadia, yenye maua ya rangi ya chai ya mgonjwa, alimwita. "Njoo nikupake upya, mwanangu. Jana sikujua. Lete mikono."

Hadia alisita. Alimtafuta Faiz kwa macho, akamwona kando ya beseni. Kisha akaketi na kunyoosha mkono wa kushoto.

"Na huu mwingine?" fundi aliuliza.

"Huu hapana, Bi. Huu wa maji."

Wanawake walitazamana, na mmoja akaanza kucheka kwamba hajapata kuona arusi ya hina ya mkono mmoja. Nyanya, aliyekuwa akikuna nazi pembeni, aliinua kichwa.

"Mpake huo mmoja," alisema. "Mtu mkweli hujulikana kwa kile anachokubali kukikosa mbele za watu. Jana alikuwa na mikono miwili mizuri na neno moja baya, na lile neno likataka kutuulia mtoto. Leo ana mkono mmoja, na akinambia shati limelowa, silipapasi."

Kicheko kikaisha. Fundi aliinamia kiganja cha kushoto, akaanza kuchora. Alikuwa bado hajamaliza ua la kwanza Faiz alipokuja na kulivuta gauni la Hadia.

"Da Hadia, bahari yangu..."

Hakumaliza. Mkono wa kulia ulikuwa umeshamshika, na Hadia, akikiinua juu kiganja cha kushoto chenye hina, alikuwa tayari anamwongoza kwenye beseni.